Filta ya Oili: Nunua kwa Nambari, Usinunue kwa Jina la Gari

Simama kidogo kwenye kaunta ya duka la spea pale Kapkatet, kaunti ya Kericho, au Litein ukipenda, usikilize jinsi filta ya oili inavyonunuliwa.

"Boss, nipe filta ya Fielder."

"Ya mwaka gani?"

"Hiyo ya kawaida tu."

Muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu, pesa zinatumwa kwa simu, mteja anaondoka. Mara nyingi filta hiyo itafaa. Shida ni kwamba Fielder si gari moja. Kuna Fielder ambayo filta yake ni kopo la chuma linalozungushwa kwa mkono, na kuna Fielder nyingine, ya umbo lilelile kwa nje, isiyo na kopo kabisa: ina karatasi ya kuchujia inayoingizwa ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye injini. Zote mbili ziliundwa miaka ileile, kwa hiyo swali la mwaka haliwezi kuzitenganisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua spea za gari lake mwenyewe, au anayemtuma fundi akanunue na kubaki akijiuliza ameletewa nini. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji tochi, simu yenye kamera, na nafasi ya kulifungua boneti kabla hujaenda dukani.

KWA NINI FILTA YOYOTE HAITOSHI

Oili inapozunguka kwenye injini hubeba masizi ya mwako, vumbi lililopenya kwenye njia ya hewa, na chembe za chuma zinazotoka vyuma vinaposuguana. Pampu huisukuma ipite kwenye filta kwanza, ndipo ifike kwenye beringi za krenki na kamshafti. Filta nyingi za magari madogo hulenga chembe za mikroni 20 hadi 40. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo uchafu unaokula beringi hutauona ukipaka oili kwenye kidole na kuitazama juani.

Watu wengi hudhani ndani ya kopo mna karatasi tu. Kwa kawaida kopo huwa na vitu vinne, na kila kimoja kinaweza kuwa si cha gari lako hata kama kopo limeingia vizuri.

Cha kwanza ni hiyo karatasi yenye mikunjo. Cha pili ni valvu ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa: ni kipande cha raba laini kinachoziba matundu madogo ya pembeni. Ikiwa filta imelala ubavu au imefungwa kichwa chini, na valvu hii ni mbovu au haipo, kila asubuhi injini huanza bila oili juu, na utaisikia ikigonga kwa sekunde chache kabla haijatulia. Cha tatu ni valvu ya baipasi, ambayo hufunguka karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, ili injini ipate oili isiyochujwa badala ya kukosa kabisa. Springi ya valvu hii hupangwa kwa kipimo ambacho mtengenezaji wa gari amekitaka, na gari moja hutofautiana na jingine. Cha nne ni raba ya duara inayoziba kati ya kopo na injini. Hiyo ndiyo inayozuia oili yote isimwagike barabarani.

Sasa fikiria gari la huku kwetu. Asubuhi ni baridi. Safari ni fupi: nyumbani hadi kituo cha kununulia majani chai, kituo hadi sokoni, sokoni hadi nyumbani. Injini haipati muda wa kuchemka sawasawa, hivyo unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili. Januari na Februari jua likiwaka, vumbi la murram hupanda hadi kwenye kioo. Mvua ikirudi, Probox iliyojaa abiria na magunia inapanda mlima kwa gia ya kwanza kwenye utelezi. Gari la aina hiyo huchafua oili mapema kuliko lile linalokimbia lami ya Kericho hadi Nakuru kila siku. Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kubadilisha oili mara mbili kwa filta moja. Oili mpya inayopita kwenye filta iliyojaa inachafuka siku hiyohiyo. Kila ukimwaga oili, badilisha na filta.

HATUA ZA KUITAMBUA FILTA YAKO

1. Soma nambari ya chesisi. Ipo kwenye logibuku, na ipo kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Magari mengi ya huku yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na nambari zake si zile ndefu za tarakimu na herufi 17. Huanza na herufi za modeli, kisha kistari, kisha tarakimu: NZE141-, NCP51-, ZRT260-. Sehemu iliyo kabla ya kistari ndiyo inayomwambia muuzaji gari lako ni lipi hasa. Ipige picha.

2. Soma aina ya injini kwenye kibati hichohicho. Kwenye Toyota utaona maandishi kama 1NZ-FE na ukubwa wa injini, mfano sisi (cc) 1,496. Usichukulie kwamba injini iliyomo ni ileile iliyoandikwa kwenye kibati au logibuku ikiwa gari limewahi kubadilishiwa injini. Gari la aina hiyo hununuliwa filta ya injini iliyomo sasa, hata kama chesisi inasema jingine.

3. Angalia filta yenyewe. Washa tochi, tazama chini ya injini kutoka mbele na kutoka pembeni. Ukiona kopo la chuma lenye rangi, una filta ya kopo. Ukiona kifuniko cheusi cha plastiki au cha aluminiamu chenye mikato kuzunguka ukingo, na pengine nati ndogo katikati, una filta ya karatasi. Kwenye Subaru Forester zenye injini mpya za FB, filta iko juu, unaiona ukifungua boneti tu. Usiingie chini ya gari kwa hatua hii. Inama tu, au muombe fundi apige picha siku ya kubadilisha oili.

4. Tafuta nambari ya spea. Muuzaji mwenye katalogi ya kampuni ya gari au ya mtengenezaji wa filta ataitafuta kwa nambari ya chesisi. Unaweza pia kuitafuta mwenyewe kwenye simu, lakini iandike kwenye karatasi uipeleke dukani. Ukiambiwa "hii ni sawa na hiyo", uliza ni wapi katalogi inaposema hivyo.

5. Linganisha na filta ya zamani, ila usiiamini peke yake. Gari ulilonunua likiwa limetumika huenda limekuja na filta ambayo mwenye gari wa kwanza aliipachika kwa kukosa nyingine. Filta ya zamani inakusaidia kuhakikisha. Nambari ya chesisi, au injini iliyomo ikiwa ilibadilishwa, ndiyo inayoamua.

6. Ukishaipata nambari, iandike kwa kalamu ya maki chini ya boneti au ndani ya kibweta cha gari, pamoja na kiasi cha oili ambacho injini inabeba. Hutaitafuta tena.

SANDUKU: BAADHI YA MAGARI TUNAYOYAONA KILA SIKU

Probox ya zamani, NCP50 (injini 2NZ-FE, sisi 1,298), NCP51 na NCP58 (1NZ-FE, sisi 1,496): filta ya kopo. Nambari za Toyota ni 90915-10003 kwa soko la Japani, na 90915-YZZE1 kwa masoko ya nje.

Fielder NZE141 na NZE161 (1NZ-FE): filta ya kopo, ileile ya Probox.

Fielder ZRE142 (2ZR-FE, sisi 1,797): filta ya karatasi. Nambari ni 04152-37010, au 04152-YZZA6 kwa masoko ya nje.

Premio na Allion NZT240, NZT260 (1NZ-FE) na ZZT240 (1ZZ-FE, sisi 1,794): kopo.

Premio na Allion ZRT260 (2ZR-FE): karatasi.

Nissan Note E11 na E12, na Nissan AD Y12: kopo, 15208-65F0A.

Mazda Demio ya DE (ZJ-VE, ZY-VE): kopo, B6Y1-14-302.

Orodha hii ni ya kukuonyesha jinsi jina moja linavyoweza kubeba filta mbili. Usinunue kutoka hapa bila kupitia hatua za 1 hadi 4 kwenye gari lako.

MTEGO WA NYUZI

Hapa ndipo pa kusoma polepole, kwa sababu kosa hili halionekani siku ya kufunga. Linaonekana barabarani.

Kopo hufungwa kwenye bomba fupi lenye nyuzi, ambazo mafundi huziita thredi. Toyota ndogo zilizotajwa hapo juu hutumia nyuzi za kipimo cha inchi: 3/4-16. Nissan, Honda, Mazda na Mitsubishi za petroli kwa kawaida hutumia kipimo cha milimita: M20x1.5. Sasa tazama hesabu. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05; M20 ni milimita 20. Umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1.59 kwa ile ya kwanza, 1.5 kwa ya pili. Tofauti haifiki hata milimita moja. Makopo yenyewe yanafanana kimo na upana, na mengine yana raba za duara zinazokaribiana kabisa.

Ukichukua filta ya Note ukaijaribu kwenye Probox, itaingia. Tundu lake ni kubwa kidogo kuliko bomba, kwa hiyo litazunguka vizuri, raba itagusa injini, na utahisi imekaza. Utawasha gari, hakuna tone. Lakini nyuzi zinashikana kwa ncha tu. Siku injini ikiwa baridi, oili nzito, mtu akakanyaga mafuta, presha itaisukuma filta na nyuzi zitaachia. Oili yote itatoka kwa dakika moja hivi, na kama dereva hajaiona taa nyekundu ya oili, injini imekwisha. Ukijaribu kinyume chake, filta ya Toyota kwenye Nissan, haitaanza hata kuingia. Wanaoilazimisha kwa spana huharibu nyuzi za injini.

Namna ya kujihakikishia:

Kwanza, tafuta kipimo kwenye boksi au kwenye kopo. Watengenezaji wengi huandika 3/4-16 UNF au M20x1.5. 

Pili, pima tundu kwa kipimo cha vania. Kwa 3/4-16 utasoma milimita 17.5 hivi kwenye ncha za nyuzi, kwa M20x1.5 utasoma karibu 18.5. Duka la spea linalojiheshimu lina vania kwenye droo.

Tatu, na hili lifanywe na kila anayefunga filta: ikishaingia mizunguko miwili, kabla raba haijagusa injini, ishike filta uitikise. Iliyo sawa hucheza kidogo sana. Ikilegalega kama jino bovu, itoe, rudi nayo dukani.

FILTA YA KARATASI ISIKUTISHE

Wapo mafundi wanaomshauri mteja aondoe kikombe cha filta ya karatasi, afungiwe adapta ya kopo, eti kopo ni rahisi kupatikana. Sioni sababu. Filta ya karatasi inafanya kazi vizuri, na faida yake ni kwamba unaiona kwa macho: ukiikunjua baada ya kuitoa, uchafu wote uko mkononi mwako.

Yanayohitajika ni mawili. Kifaa cha kufungulia, kwa sababu kifuniko cha 2ZR-FE hufunguliwa kwa spana ya kikombe ya milimita 64 yenye pande 14. Ukitumia nyundo na patasi utakipasua. Na raba mpya: boksi la filta halisi huja na raba mbili za duara, kubwa ya kifuniko na ndogo ya nati ya kutolea oili iliyo kwenye kifuniko hicho. Boksi lisilo na raba, liache. Raba ya zamani imeshabanwa ikawa bapa, na itavuja hata ukikaza mpaka utokwe jasho. Kifuniko hukazwa kwa nguvu ya nyutonimita 25, ambayo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

KUITAMBUA FILTA BANDIA

Filta ni bidhaa rahisi kughushi, kwani hakuna anayeifungua kuangalia. Rangi na maandishi huigwa kwa urahisi, kwa hiyo usihukumu kwa boksi. Itoe filta, igeuze, uitazame upande wa matundu.

Raba iwe laini, imekaa ndani ya mfereji wake bila kuchomoka. Ibonyeze kwa ukucha: ikiwa ngumu kama plastiki, irudishe.

Chungulia kwenye matundu madogo ya pembeni. Kwenye filta yenye valvu ya kuzuia oili utaiona raba, nyeusi au ya rangi ya chungwa, imelala kuziba matundu. Isukume kwa kijiti safi; iende na kurudi.

Tikisa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, au ukaona vumbi la chuma kwenye nyuzi, hiyo itapeleka chuma kwenye injini yako.

Nambari iliyo kwenye boksi ilingane herufi kwa herufi na iliyo kwenye kopo.

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Bidhaa kutoka nje huwa na stika yenye nambari, na KEBS ina namba ya ujumbe mfupi, 20023, ya kuhakiki alama zake. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa Kenya mwaka 2008 na ina mamlaka yake yenyewe ya kupokea malalamiko. Ili ulalamike unahitaji risiti, na hapa ndipo wengi wetu tunapojinyima haki. Dai risiti iliyoandikwa nambari ya spea. Neno "filta" peke yake halithibitishi chochote.

Filta ya kampuni nyingine yenye sifa si bandia. Kuna watengenezaji wakubwa wanaotengeneza kwa vipimo vya Toyota au Nissan na kuandika jina lao wenyewe, na filta zao ni nzuri. Bandia ni ile inayosema ni ya fulani na si yake. Bei ikiwa nusu ya ile uliyoizoea kwa jina lilelile, umeshapata jibu.

UKIIKOSA KAPKATET

Usikubali "inayokaribiana". Filta ya zamani iliyo sahihi, hata ikiwa imechoka, ni salama kuliko mpya isiyo yake, kwa hiyo ahirisha kazi siku moja au mbili. Piga simu Litein, Sotik au Kericho mjini, tuma picha ya nambari ya chesisi na ya filta ya zamani. Ikikosekana huko, wauzaji wa Kirinyaga Road, Nairobi, hutuma vifurushi kwa matatu kila siku. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kopo upande wa matundu kabla hujatuma pesa. Ukiipata, nunua mbili au tatu. Filta ikikaa kwenye boksi lake mahali pakavu haiharibiki upesi.

KUFUNGA FILTA YA KOPO: HATUA KWA HATUA

Onyo kabla ya yote. Jeki peke yake haiaminiki, na kwenye udongo wetu mwekundu uliolowa haiaminiki hata kidogo. Kama huna stendi za chuma na sakafu ngumu, peleka gari kwenye gereji yenye shimo, usimame hapo utazame kazi.

1. Endesha gari kidogo oili ipate joto la kukuwezesha kushika sampu bila kuungua. Lizime, vuta breki ya mkono, weka gogo nyuma ya gurudumu.

2. Fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha nati ya sampu. Acha oili itoke mpaka ibaki kudondoka tone moja moja.

3. Fungua filta ya zamani. Igeuze papo hapo uangalie: raba yake imetoka nayo? Ikiwa imebaki imeganda kwenye injini, ibandue. Raba mbili zikikaliana zitavuja kwa kishindo, na kosa hili limeua injini nyingi nzuri.

4. Futa sehemu ya injini ambapo raba hukaa, kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi.

5. Paka oili mpya kwenye raba ya filta kwa kidole. Raba kavu hujikunja inapozungushwa.

6. Zungusha kwa mkono. Mizunguko miwili, itikise kama tulivyosema. Endelea hadi raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Mnyororo na spana ya filta ni vya kufungulia.

7. Rudisha nati ya sampu na washa yake mpya. Jaza oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko. 1NZ-FE hubeba lita 3.7 ukibadilisha na filta. 2ZR-FE lita 4.2. Acha kiasi kidogo kwenye galoni, utaongeza baadaye.

8. Washa injini bila kukanyaga mafuta, macho yakiwa kwenye taa ya oili. Lazima izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini mara moja, usisubiri.

9. Injini ikinguruma, mulika filta na nati. Kavu? Zima, ngoja dakika tano, pima kwa kijiti, ongeza hadi alama ya juu. Usipitishe.

10. Andika tarehe na kilomita kwenye kopo lenyewe kwa kalamu ya maki. Kesho yake asubuhi tazama ardhi palipolala gari.

MAKOSA YANAYORUDIWA KILA SIKU

Kununua filta ndefu zaidi kwa imani kwamba inachuja zaidi. Huenda inabeba oili zaidi kidogo, lakini ikining'inia chini ya kinga ya injini, jiwe la kwanza la barabara ya shamba litaitoboa. Kama kimo si kile kile, katalogi iseme inaruhusiwa.

Kuosha filta ya karatasi kwa petroli na kuirudisha. Mikunjo hufunguka, gundi huachia, na vipande vyake huishia kwenye njia za oili.

Kutoboa kopo lililokaza kwa bisibisi ili kulizungusha. Likichanika, shingo hubaki kwenye injini na kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima. Tafuta mkanda au spana ya kikombe ya filta.

Kwenye dizeli, kuchanganya filta ya oili na ya mafuta. Makopo hufanana, wakati mwingine hata rangi. Soma maandishi.

MALORI YA MAJANI CHAI NA PIKIPIKI

Lori la kubeba majani huwaka muda mrefu bila kusogea: kwenye foleni ya kiwanda, kwenye kituo wakipima. Kilomita hazionyeshi kazi hiyo. Hesabu saa za injini au wiki za kazi, na ufuate ratiba ya Isuzu au ya kampuni iliyotengeneza lori lako kwa matumizi mazito. Injini nyingine za dizeli zina filta mbili za oili, moja ya mtiririko wote na moja ya pembeni inayochuja polepole na kwa undani zaidi. Soma kibati cha injini, uliza kama ni mbili, na zibadilishe zote mbili.

Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 125 zina wavu wa chuma unaosafishwa, bila filta ya kununua. Nyingine zina karatasi ndogo nyuma ya kifuniko chenye boliti mbili au tatu, na karatasi hiyo ina upande wa ndani na wa nje. Ukiigeuza unaziba njia ya oili. Kabla ya kumruhusu fundi afungue, piga picha jinsi ilivyokaa.

KARATASI YA MFUKONI, KABLA YA KULIPA

☐ Nambari ya chesisi na aina ya injini ziko kwenye simu yangu
☐ Najua ni kopo au ni karatasi, nimeona kwa macho
☐ Nambari ya spea imetoka kwenye katalogi
☐ Nyuzi: 3/4-16 au M20x1.5, zimethibitishwa
☐ Upana wa raba na kimo cha kopo vinalingana na ya zamani, au katalogi imeeleza tofauti
☐ Raba laini, valvu inarudi, hakuna kinachocheza ndani
☐ Boksi na kopo vina nambari moja
☐ Risiti ina nambari ya spea

OILI CHAFU NA FILTA YA ZAMANI

Inamisha filta ya zamani juu ya beseni usiku kucha, ina oili nyingi kuliko unavyodhani. Ikiwa ni ya karatasi, au ukiweza kulikata kopo kwa msumeno wa chuma polepole, ikunjue mwangani. Weusi ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au fedha si vya kawaida: mpelekee fundi avione kabla hujaendelea kuliendesha gari.

Oili yenyewe iweke kwenye galoni lenye kifuniko, uipeleke gereji inayokusanya kwa wingi na kuiuza kwa wanaoichakata. Usiimwage mferejini. Maji ya upande huu huteremka kwenye Kipsonoi, kisha Sondu, hadi Ziwa Victoria, na kabla ya kufika huko watu wanayachota na mifugo inayanywa. Na kamwe usilibebe galoni hilo kwenye gari moja na majani chai, hata kwa safari ya dakika tano.